Vichwa vya Kupeleka Ofisini

12 Machi

Mwana wa kaka yangu,

Marahaba kwanza, maana najua shikamoo yako iko njiani hata kabla hujaiandika. Sisi wazima, ukiondoa goti langu ambalo siku za mvua huwa na mambo yake. Baba yako nilimwona Jumapili. Anakohoa lakini anakula, na mtu anayekula hajafika pabaya. Mke wa mwanangu Nahodha amejifungua salama mtoto wa kike, na tayari watu wanabishana amefanana na nani. Mimi nimesema amefanana na mimi, na hakuna aliyethubutu kupinga.

Ndoo ya vichwa vya samaki hiyo, nimempa dereva wa lori la barafu kama kawaida. Barua nimeifunga kwenye nailoni mbili isije ikakufikia inanuka kama meza yangu ya kuparia. Utauliza kwa nini nisipige simu. Mambo ya kikomo siyawezi kwenye simu. Pale sokoni nikiweka simu sikioni tu, wapara samaki wote wanasimamisha visu wasikilize.

Na jambo lenyewe ni hilo hilo, kikomo. Huu mwaka wa tatu tangu ofisi yenu itangaze kwamba kila boti isizidishe makreti sita ya samaki aina ya changu kwa wiki. Boti ya mwanangu inajaza sita hizo kwa siku mbili, siku zilizobaki imefungwa gatini kama mbuzi. Nahodha anakaa juu yake anasokota kamba ambazo hazijakatika. Juzi nimemkuta na karatasi ya wakala wa meli za mbali, zile zinazochukua watu kwa miaka minne. Aliponiona akaikalia, mtu mzima na ndevu zake.

Unajua kaka yake mkubwa alivyoondoka na meli hizo. Barua mbili, picha moja, basi. Siku hizi habari zake tunaletewa na watu. Siwezi kumtoa na huyu. Wewe ndiye uko huko wanakopanga. Sikwambii ufanye nini, nauliza tu: kikomo hicho kina mwisho?

Shangazi yako


2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Ndoo ilifika na barafu yake haijayeyuka. Hongera sana kwa mjukuu, na mimi nasema amefanana na wewe, maana sipendi ugomvi. Mwambie baba nimempelekea dawa ya kifua kwa dereva huyo huyo, na asinywe yote siku moja. Mimi ni mzima. Nyumba ni ile ile, jirani wa juu bado anaburuta viti vyake. Ofisini nimehamishiwa chumba cha mwisho wa ukumbi, hakina dirisha, kina sinki na taa mbili, na watu wa uhasibu wakipita mlangoni wanabana pumzi. Sababu ni vichwa vyako.

Uliwahi kuniuliza nafanya nini navyo nikakujibu juu juu. Nyuma ya ubongo wa samaki kuna vijiwe viwili vyeupe, vya sikio. Ukikikata kijiwe ukakiweka chini ya hadubini unaona pete, kama za gogo la mti, kila mwaka pete yake. Hivyo ndivyo tunavyojua umri. Na kikomo kiliwekwa kwa ajili ya umri, si kwa ajili ya kuwakomoa. Changu jike aliyezeeka anataga mayai mengi kupita kundi zima la wadogo. Sisi tulikuwa tunawavua wote kabla hawajafika huko, kwa hiyo kila mwaka wakawa wachache zaidi na wadogo zaidi. Tukipunguza kuvua, baadhi wanapata nafasi ya kuzeeka. Tumekuwa tukiwasubiri hao wazee, Shangazi.

Na sasa nawaona. Vichwa vyako vya miezi hii vina pete saba, nane, kimoja kina tisa. Mkuu wangu tunamwita Bwana Koma, kwa sababu hakuna ripoti isiyorudi kwako na koma alizoongeza. Hii ameirudisha bila koma hata moja. Tumeshaweka sahihi, yeye na mimi, na imeenda juu. Tunapendekeza kutoka makreti sita hadi kumi na nne.

Tafadhali usimwambie mtu bado. Nilitarajia nitafurahi kuliko hivi. Badala yake nazunguka chumbani nikijiuliza nimesahau nini. Labda ni kwa sababu ghuba nzima imesimama juu ya ndoo moja, yako, tangu mtu wetu wa sampuli huko ahamishwe nami nikakuomba wewe. Nikuulize kitu: sokoni wadogo wamepungua kweli?

Mwanao


9 Mei

Mwanangu,

Baba yako ameinywa dawa kwa siku tatu badala ya saba, lakini kikohozi kimepata adabu. Mtoto anaongezeka. Mama Mizani, yule wa kupima pale langoni, kampima kwenye mizani ya samaki tulipokuwa hatuangalii, tukamsema siku nzima.

Barua yako nimeisoma nikaificha kwenye kopo la chumvi. Umesema nisimwambie mtu. Sasa Nahodha si mtu, ni mwanangu, huyo nimemwambia. Akaenda kuosha boti ambayo ilikuwa safi. Kesho yake nikamsikia anaimba. Mwanangu, tangu kikomo kije sijamsikia akiimba. Ile karatasi ya wakala bado iko chini ya godoro, mkewe kaniambia, lakini haiulizwi tena.

Unauliza wadogo. Wadogo walikosekana lini sokoni? Wapo, makreti yamejaa, mabibi wanalalamika miiba. Lakini wewe usiwe na wasiwasi, kwenye ndoo yako hawaingii. Vichwa vya mwezi huu nimekuchagulia mwenyewe kama siku zote, na kimoja nimekibembeleza kwa mteja aliyekuwa anakitaka kwa supu, kichwa kama cha mwana wa ng'ombe. Hicho mpe Bwana Koma akitazame yeye mwenyewe.

Nasikia umekonda. Umeolewa na hadubini, nayo haipiki.

Shangazi yako


20 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa ufupi, dereva anaondoka sasa hivi.

Unaposema umenichagulia, una maana gani? Mwaka juzi nilipokuomba kazi hii niliandika unitumie vyovyote tu, usijisumbue kuchagua. Je, vyote ulivyowahi kutuma ulikuwa unavichagua? Tangu mwanzo? Nijibu kwa lori la kwanza.

Mwanao


3 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mtoto hajambo, ingawa hukumuuliza. Baba yako pia hajambo.

Ndiyo, nimechagua. Tangu ndoo ya kwanza. Wewe ulisema vyovyote tu, nami nakumbuka, barua ninayo. Lakini tangu lini mtu akisema vyovyote tu akapewa vyovyote? Mgeni akiingia kwako akasema usijisumbue, maji tu yanatosha, utampa maji? Hiyo ni adabu yake. Yako ni kumpikia. Ndoo inakwenda ofisi kubwa, inafunguliwa mbele ya watu wenye makoti meupe, imeandikwa jina la ukoo wetu, halafu nijaze vichwa vya kulishia paka? Waseme huyu mpimaji kwao ndiko wanakotoa hivi? Sikukulea miaka sita ukisoma hapa nyumbani ili nije nikutie aibu kwa vichwa.

Kila mwezi nimesimama pale kuanzia boti ya kwanza mpaka ya mwisho nikikutafutia vikubwa. Goti hili si la mvua peke yake.

Sitaki uniambie nimekosea. Sijauliza na sitauliza. Jana Nahodha aliichukua ile karatasi akawashia jiko mbele ya macho yangu.

Shangazi yako


28 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya, na najua umekuwa ukimuuliza dereva. Nilikuwa na homa kidogo, ikapita. Huku joto limezidi na maji yanatoka siku moja moja, tunajaza kila chombo, hata sufuria ya chai. Jirani wa juu amepata zulia, viti sasa vinaburutwa kwa heshima. Ofisini wamepaka rangi ukumbi wote wakakiruka chumba changu. Bwana Koma amepongezwa kwa ripoti ile mbele ya wakubwa, na yeye akanipongeza mimi mbele ya idara, nikasimama, nikakaa. Najua kikomo kipya kimeanza huko tangu mwanzo wa mwezi. Natumaini Nahodha anaimba.

Nina ombi moja. Niletee ndoo nyingine, lakini hii si ya ofisi, ni ya kwangu, nataka kulinganisha tu. Chukua kreti moja lolote linaposhushwa, kabla halijaguswa, ukate vichwa vyote jinsi vinavyokuja mkononi. Vikubwa, vidogo, vyovyote. Safari hii nisamehe, nataka maji tu.

Nilitaka kuandika zaidi. Nitaandika siku nyingine.

Mwanao


30 Agosti

Mwanangu,

Pole na homa. Kunywa uji, usinywe chai tupu kama wanafunzi. Baba yako anakusalimu. Mtoto anakaa sasa, akiegemezwa, na akianguka hasemi kitu, anakutazama kama wewe ndiye umemwangusha.

Nikwambie yalivyokuwa hapa. Wiki za mwanzo ilikuwa neema. Boti zinarudi zimelala majini kwa uzito, lori la barafu haliwezi kutosheleza, Mama Mizani kapoteza sauti kwa kuita makreti. Nahodha alikuwa anarudi nyumbani amechoka kama mtu aliyefanya kazi, na mimi nilimshukuru Mungu kwa uchovu ule. Nilikushukuru na wewe.

Halafu sijui. Kazi imeongezeka lakini sielewi ni kazi gani. Mezani kwangu napara wanne kwa chungu kilichokuwa kinajaa kwa mmoja. Magamba yao ni laini, hayarukii hata ukutani. Nahodha sasa anakwenda mbali zaidi, anatoka mapema zaidi, na nyavu anazozungumzia na wenzake ni za matundu madogo zaidi. Nikiwakaribia wanazungumzia hali ya hewa.

Ndoo sikuweza. Barafu ilikuwa haba.

Shangazi yako


15 Septemba

Shangazi,

Shikamoo, na salamu kwa wote mmoja mmoja.

Barafu haikuwa haba. Dereva ameniambia alikuwa anaigawa njiani. Simlaumu mtu kwa hilo, kwa sababu na mimi nimekuwa na barafu haba tangu mwezi wa sita.

Naandika sasa lile usilotaka kuuliza. Ulikuwa unanipa wazee peke yao. Niliwatazama nikadhani ghuba nzima ni wazee, kumbe walikuwa wachache, na wewe ulikuwa unawatafuta gati zima kwa jicho lako zuri. Kwa vichwa hivyo nimewaambia watu wavue mara mbili na zaidi. Sasa wanavuliwa hao wazee wachache wenyewe, na wadogo kabla hawajataga hata mara moja. Hayo unayoyaona mezani kwako si mkosi wala hali ya hewa. Ni sahihi yangu.

Nilijua tangu nilipopata barua yako ya Juni. Kikomo kilikuwa bado hakijatangazwa. Nilikwenda hadi mlangoni kwa Bwana Koma, nikasikia anacheka na mtu ndani, nikarudi. Nikajiambia kesho. Ukweli ni kwamba niliogopa kazi yangu, na nilimwogopa Nahodha, yaani niliogopa kwamba ataondoka na wewe hutanisamehe. Nimeogopa kila asubuhi tangu siku ile. Nikiona lori lolote la barafu barabarani navuka upande wa pili.

Nimeamua kuandika ripoti nyingine mwezi ujao. Nataka uijue wewe kabla ya yeyote. Wakiniamini, kikomo kitashuka chini kuliko hata kile cha kwanza. Lakini sina cha kuwaonyesha ila maneno yangu, na maneno yangu yalishatumika. Nahitaji ndoo. Bila ndoo wataniambia nimechoka nipumzike, na makreti yataendelea kumi na nne mpaka yakose cha kujaza.

Nakuomba kitu kikubwa na ninajua ukubwa wake. Ukikataa nitaandika hivyo hivyo, lakini nakuomba.

Mwanao


6 Oktoba

Ndoo hiyo.

Nimeitoa kwenye kreti la Nahodha, sikwenda kwa mtu mwingine. Nilifumba macho kweli kweli nikawa nachota na kukata, na kidole nimekikata pia. Akaja akaniuliza, "Mama, mbona unawapelekea vya paka?" Nikamweleza yote, ya kwangu na ya kwako, pale pale kwenye magamba.

Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Alifungua kamba ya boti akaifunga upya, akafungua akafunga, kisha akasema kwamba tangu mwezi wa nane na yeye alikuwa anajua kuna kitu, ila alikuwa hataki kuwa wa kwanza kusema. Wakala alikuwa na karatasi nyingine. Mawakala hawakosi karatasi.

Ameondoka Jumanne. Mkewe hajazungumza na mimi.

Usiniandikie mpaka nikuandikie.


22 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Nimevunja amri yako. Nimejaribu kutii nikashindwa.

Naandika kwa sababu una haki ya kujua vichwa vile vilisema nini. Hakuna hata kimoja kilichofika pete nne. Vingi sana ni pete mbili na tatu. Nilivikata vyote, kimoja kimoja, na siku niliyomaliza nililia kwenye sinki, mtu wa uhasibu akadhani ni harufu akanipa leso.

Sikulia kwa sababu vilikuwa vibaya. Nililia kwa sababu ya hao wa pete mbili na tatu. Wamezaliwa baada ya kikomo cha kwanza kuanza. Ni wengi kuliko nilivyowahi kuona kwenye kumbukumbu zote za ghuba ile. Maana yake kikomo kilikuwa kinafanya kazi, Shangazi. Wazee wachache waliobaki walikuwa wameshaijaza ghuba watoto. Kilichokuwa kinatakiwa ni kusubiri tu, na sisi ndio tukawafuata na nyavu.

Bwana Koma aliisoma ripoti yangu akiwa amesimama. Hakuongeza koma. Aliniuliza kama najua inamfanya yeye aonekane nani, nikasema najua. Ameipeleka, hilo nitamheshimu nalo. Kikomo kinashuka hadi makreti manne kuanzia Januari. Mimi wamenitoa kwenye hadubini, niko stoo, nagawa mabuti ya mpira na kupokea yaliyotoboka. Kwenye ripoti nimeandika kwamba mpimaji hakutoa maelekezo yanayoeleweka. Ndivyo ilivyokuwa. Jina lako halimo, wala la ukoo.

Nahodha ameandika? Usinijibu kama hutaki. Mwambie tu mkewe kwamba nimeuliza.

Mwanao


17 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Marahaba zote za barua ambazo sikukujibu.

Baba yako hajambo, ameacha kukohoa, sasa analalamika hana la kulalamikia. Mtoto anatembea kwa kushika ukuta. Mama yake amerudi kuzungumza na mimi, mambo ya chumvi na sabuni tu, lakini mtu huanzia hapo.

Januari walikuja watu wa ofisi yenu wakasoma tangazo langoni. Makreti manne. Unaweza kuwaza kelele. Na waliposoma ile sehemu ya mpimaji ambaye hakutoa maelekezo, soko zima likapata mtu wa kumtukana. Wakakutukana, mwanangu, wewe na waliokuzaa na waliokusomesha. Nilisimama na kisu changu nikisikiliza. Nilikuwa naweza kunyamaza. Ulikuwa umenitengenezea kimya kizuri, kilichobaki ilikuwa nikikalie.

Nikawaambia. Nikasema mpimaji ni mwana wa kaka yangu, mimi ndiye niliyemlea, na vichwa nilichagua mimi kwa mkono huu. Aliomba vyovyote nikampa vya harusi. Halafu mmoja akachukua kreti lake mezani kwangu akalipeleka meza ya pili, na wengine wakamfuata. Ni sawa. Wana hasira na njaa, na hasira lazima iende mahali. Mama Mizani peke yake ndiye aliyebaki kunipa kazi, ya kulazimisha, analeta samaki wake mmoja nimpare.

Sikuandikii haya ili unionee huruma. Nilikukasirikia sana, sitaki kukudanganya. Kuna siku nilisema laiti usingesoma. Lakini kila nikitaka kukuchukia namkumbuka yeye akifunga na kufungua ile kamba, na kwamba alijua, na nilijua, na hakuna kati yetu aliyeweza kusema. Wewe umesema. Umechelewa, lakini umesema.

Nahodha amepiga simu wiki iliyopita. Ya kwanza tangu aondoke. Alipiga kwa Mama Mizani, nikaitwa nikaja mbio na goti langu. Sauti yake ilikuwa inakuja inakwenda. Anasema ni mzima. Anasema huko walipo hakuna anayewahesabia makreti, wavu unazama asubuhi unatoka jioni, na wanachopandisha wanakisukuma kwa majembe. Nikamuuliza ni samaki gani, akasema, "Mama, wa kila aina, ila sijamwona aliyekua." Kisha hakuniuliza habari za mkewe wala za mtoto. Aliniuliza changu wa hapa wamefika wapi kwa ukubwa.

Nikanyoosha mkono kumwonyesha. Nikaweka kidole hapa kwenye kifundo cha mkono, nikasema, "Wamefika hapa." Mama Mizani ndiye aliyenishtua kwamba nipo kwenye simu, mwanangu hanioni. Nahodha akawa anasema, "Wapi, Mama? Wapi?" na mimi nimekiacha kidole pale pale, sitaki kukitoa, mpaka simu ikakatika.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, hata kama siku hizi unagawa mabuti. Watu wasipowagusa, ni miaka mingapi mpaka wanifike kwenye kiwiko? Mkataba wa Nahodha ni wa minne.

Shangazi yako